Mtu wa Ishirini na Nne

Asistan Kalenga alizikwa kwa nambari ya uongo, naye ndiye mtu pekee niliyemjua Kolwezi ambaye angefufuka ili kuisahihisha. Mwamba, mwenzangu wa darasa la zamani, alisimama chini ya turubai, uani kwa marehemu huku mtaani Dilala, amevaa suti ya rangi ya jivu, akasoma katika karatasi iliyopigwa chapa na kugawiwa kila mtu kwamba marehemu alikuwa amefundisha wanafunzi elfu saba mia tatu na kumi na mmoja. Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikapiga hesabu palepale kwenye kiti changu cha plastiki: darasa la watu thelathini, darasa moja kwa mwaka, miaka thelathini na mitano. Hata ukiwahesabu mara mbili wale waliorudia mwaka, na walikuwapo wengi, hufiki elfu mbili. Lakini kilichowashika waombolezaji ni ile kumi na moja ya mwisho. Mwongo wa kawaida angesema elfu saba akaishia hapo. Mwongo aliyesoma huongeza kumi na moja. Mwamba amejenga maisha yake yote juu ya hiyo kumi na moja. Siku hizi anaitwa mshauri, anaandika ripoti za afya ya wafanyakazi zenye asilimia na nukta na tarakimu mbili baada ya nukta, na katika vikao vyote anavyokaribishwa hakuna anayemuuliza alimpima nani.

Mimi sikupewa nafasi ya kusema, wala sikuiomba. Naandika haya nikiwa sina kijicho na mtu. Nimerudi Kolwezi na diploma ya tiba ya viungo niliyoipata Afrika Kusini kwa mikono yangu, nikisugua sakafu za zahanati asubuhi na kukaa darasani mchana, katika lugha ambayo nilikuwa sijui hata kuamkia. Nina chumba changu cha matibabu chenye vitanda sita. Wachezaji wanaopelekwa kwanza kwa wakandaji wenye maneno mengi huishia kwangu wakichechemea, na madereva wa malori ya mgodi wenye migongo iliyokufa ganzi hungoja foleni yangu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyenishika mkono. Ilikuwapo barua moja tu ambayo ingenifungulia mlango, barua ya Asistan Kalenga, na sikuipata. Namna nilivyoikosa ndiyo habari ya mwaka ule.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Taasisi yetu ya afya na michezo ilikuwa imerithi kantini ya zamani ya wafanyakazi makapera wa kampuni ya mgodi, jengo refu la matofali lenye madirisha juu, karibu na dari, kana kwamba mtu akila hastahili kuona nje. Kulabu za sahani za bati zilikuwa bado ukutani. Ubao ulitundikwa mbele ya tundu ambalo zamani wapishi walipitishia chakula, na Asistan alipoandika kwa nguvu ubao ulirudi nyuma, tukasikia chaki ikianguka jikoni, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na ufunguo. Mvua iliponyesha, harufu ya kabeji ya miaka ya nyuma ilitoka sakafuni. Humo ndimo tulimofundishwa mbinu za utafiti na takwimu za mwanzo, mara mbili kwa wiki, na wenzangu walikaa humo kama watu waliofungiwa kwa makosa ya wengine. Walikuwa wamekuja kutafuta filimbi. Walitaka kuwa wakufunzi wa timu, wavae tracksuit, wapige kelele kando ya uwanja.

"Shiye tulikuya juu ya michezo," mmoja alilalamika siku ya kwanza. "Nani alisema kama kuko hesabu?"

"Mupira iko na bao ngapi?" Asistan alimuuliza.

"Inategemea, Asistan."

"Basi. Ukisha kujua inategemea nini, utatoka hapa."

Tulimwita Asistan kwa sababu ndicho kilichokuwa cheo chake: msaidizi. Waliomkuta msaidizi walimwacha msaidizi. Vijana aliowafundisha kugawanya walirudi na vyeo vikubwa kuliko chake, wakamwamuru abebe viti. Nilimdharau kwa hilo, nami sioni haya kusema. Nilidhani mtu anayejua vitu vingi namna ile na bado anavaa koti lilelile la kahawia lenye chaki mfukoni amekosa kitu fulani ndani yake. Alikuwa na saa moja ya mkono, ya mshale wa sekunde, aliyoifunga kwa uzi, nayo ilizunguka darasani ili kila mtu ajifunze kuhesabu mapigo ya mwenzake. Tulihesabu kwa sekunde kumi na tano, kisha tukazidisha kwa nne. Hakutaka tuhesabu dakika nzima. Mtu akitoka kukimbia, alisema, moyo wake haungojei. Wewe ukihesabu mpaka mwisho wa dakika, wenyewe umekwisha kurudi nyumbani. Na kila tulipomletea jibu, hata liwe sahihi, aliuliza maswali matatu yaleyale: nani, lini, kwa saa gani? Wenzangu walimwigiza wakiwa kwenye pikipiki za taxi-moto, wakipita barabarani: "Nani? Lini? Kwa saa gani?"

Kila mwaka Asistan aliandika barua moja. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na shule ambayo mkuu wake alimwamini, na mwanafunzi aliyekuja na barua ya Kalenga alipokelewa bila mtihani. Barua moja, mtu mmoja. Ingetolewa kwa atakayefanya vizuri zaidi kazi ya mwisho wa somo. Katika darasa zima ni wawili tu tuliokuwa na akili ya kuitafuta: mimi, na Mwamba, aliyesema Kifaransa kama redio na kuwapa marafiki zake ruhusa ya kucheka kila aliposema kitu.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kueleza. Kila mtu atafute wachezaji kumi na wawili wa mpira na wabebaji wa magunia kumi na wawili. Ampandishe kila mmoja kwenye kreti ya bia iliyofunikwa ubao, juu na chini, dakika tatu, kwa mwendo wa kijiko kinachogonga chupa. Akimaliza, akae, ahesabiwe mapigo. Moyo unaopiga kidogo ndio moyo uliozoea kazi. Swali: ni moyo wa nani ulio bora, wa mchezaji au wa mbebaji? Kila mtu Kolwezi alijua jibu kabla ya kupima. Mchezaji, bila shaka. Mbebaji ni mtu aliyekosa kazi nyingine.

Nilipima wachezaji kwa siku mbili, uwanjani, nikivumilia maneno yao. "Docteur, shika mukono mpaka kesho," walisema. "Moyo inapiga juu yako, haiko juu ya kreti." Wastani wao ulikuwa mia moja na kumi na mbili. Nahodha wao, kijana ambaye wasichana wa mtaa wote walimjua kwa miguu yake, alipata tisini na sita, ndiye bora kuliko wote, naye alizunguka uwanja akiitangaza kama bao.

Siku ya tatu, kabla ya kwenda kwa wabebaji, nilikula kwa Mama Vero, mwenye kibanda cha chakula karibu na kantini. Nilikaa nyuma ya pazia, upande wa jiko, kwa kuwa hapo ndipo bukari, ugali wetu, ilipofika ikiwa moto. Mwamba na rafiki zake wawili waliingia wakakaa upande wa pili. Waliagiza bukari, sombe ya majani ya muhogo na sahani ya samaki wadogo wa kukaanga. Nikasikia karatasi ikifunguliwa.

"Nani anafwata?" aliuliza aliyekuwa akiandika.

"Huyu, hana kichwa," Mwamba alisema. "Mupatie mia moja kumi na tano. Eko mugonjwa."

"Na huyu munene?"

"Huyu ni gardien, mulinda goli. Bagardien bakimbiaka? Mupatie mia na tatu." Nikasikia akitafuna. "Mwingine. Huyu mwenye kujikunja ni mubebaji, gunia ilimuvunja. Mia na makumi tatu na moja."

"Mwamba, Asistan atajua."

"Atajua namna gani? Atakwenda kuuliza samaki?"

Walicheka mpaka Mama Vero akawauliza kama chakula kina kasoro. Watu ishirini na wanne waliliwa pale mezani, kwa vidole, pamoja na pilipili. Nilimaliza bukari yangu polepole. Sikuwa na hasira. Nilijisikia kama mtu aliyeona mpinzani wake akichimba shimo, naye ana nafasi ya kungoja mpaka liwe refu.

Depo niliyochagua, ghala la magunia, ilikuwa ya Hadji Ramazani, msafirishaji aliyetoka upande wa Maniema, mwenye malori yaliyopeleka unga na chumvi mpaka Mutshatsha na kurudi na makaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikubali kwa sharti moja.

"Pima bote, mama," aliniambia. "Lakini miye nitapata liste. Juzi mutu alianguka na gunia juu ya lori, akaangukia mwenzake. Mwenye moyo yake imechoka, sitaki apande. Ule hatamaliza kazi yako ya kreti, abaki nyumbani."

Nilielewa vizuri kabisa. Sitaki mtu aseme kwamba nilikuwa mtoto. Nilimwahidi orodha siku ya Ijumaa.

Wabebaji kumi na mmoja walifanya kama nilivyotegemea. Walipanda kreti kwa nguvu nyingi mwanzoni, wakataniana, kisha wakaanza kuhema. Wa kumi na mbili alikuwa Tata Saidi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mwembamba, ana kofia ya kufuma na ndala zilizoshonwa kwa waya.

"Nivue?" aliuliza akionyesha ndala.

"Hapana, tata. Panda tu."

"Tata Saidi, usivunje kreti ya batu," kijana mmoja alisema.

"Nyamaza. Weye jana tulikubeba pamoja na gunia."

Akapanda. Hakuharakisha wala hakuchelewa. Kwa dakika tatu nzima mguu wake ulishuka pamoja na kijiko, kama vile ndiye aliyekuwa akikigonga. Alipokaa nikashika mkono wake na kuhesabu. Ishirini na mbili. Mara nne, themanini na nane. Niliipeleka saa sikioni nikidhani imesimama. Ilikuwa ikienda. Mzee wa ndala alikuwa amempita nahodha kwa mapigo manane, naye aliniomba tu maji, akanywa kidogo, akarudi kwenye magunia.

Jumapili mchana nilikaa na zile nambari katika chumba changu cha kupanga, mlango wazi. Uani mama mwenye nyumba alikuwa akichuja kinywaji cha munkoyo pamoja na jirani. "Huyu mutoto anaandika majina ya banaume kutoka asubuhi," nilimsikia akisema. "Iko masomo ao anachagua bwana?" Na jirani: "Kama anachagua, anachagua mubaya. Ishirini nzima?" Kwenye daftari nilikuwa nimenakili sentensi ya Asistan: nambari inayokaa mbali na wenzake, iulize kwanza. Mimi sikuiuliza. Nilitazama safu yangu ya wabebaji, ikifuatana vizuri mmoja baada ya mwingine, mia na ishirini, mia na ishirini na nne, mia na ishirini na nane, na katikati yake ile themanini na nane iliyokaa kama mlevi kanisani. Nilijiambia kwamba nilihesabu vibaya, na nilijua sikuhesabu vibaya. Niliona jinsi Mwamba angesimama na kusema kazi yangu ina kosa, maana mzee hawezi kumshinda nahodha. Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya jina lake, na mbele yake nikaandika: hakumaliza. Ijumaa orodha safi ilifika kwa Hadji, kama nilivyoahidi. Niliipeleka mwenyewe.

Siku ya kusoma kazi zetu ilikuwa Jumatano iliyofuata. Mwamba alitangulia. Alikuwa amechora michoro kwa kalamu za rangi, nyekundu kwa wabebaji na kijani kwa wachezaji, na alisoma kwa Kifaransa kitamu hivi kwamba hata wale wasioelewa walitikisa vichwa. Alipomaliza walimpigia makofi. Mimi nikanyoosha mkono.

"Asistan, niko na swali kwa Mwamba."

"Uliza."

"Mwamba, ulihesabu sekunde ngapi?"

"Kumi na tano, kama bote."

"Kisha ukafanya mara ngapi?"

"Mara ine. Ngoie, leo ndio unajifunza?" Darasa likacheka.

"Basi nionyeshe nambari ile, ukiifanya mara ine, inazaa mia na tatu."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamkwama. Nyuma ya darasa mtu alianza kuhesabu kwa sauti ndogo. "Ishirini na tano, mia moja. Ishirini na sita, mia na ine." Akarudia kwa vidole.

"Labda moyo ilipiga nusu," mwingine alisema.

"Mia na kumi na tano je?" niliendelea. "Mia na makumi tatu na moja? Nambari zako nyingi hazigawanyike hata kwa mbili. Bachezaji yako ni samaki ya Mama Vero. Nilikuwa nyuma ya pazia nikakusikia ukibakula."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile tena, wala sijawahi kujisikia mrefu namna ile, hata siku nilipopewa diploma. Mwamba alikusanya michoro yake. Kalamu ya kijani ikaanguka, hakuna aliyemwokotea. Ilikuwa kana kwamba nimeshika barua ile mkononi. Niliweza kuisikia ikikunjwa. Asistan peke yake hakucheka.

"Muzuri, Ngoie. Umeona vile inafaa kuona," alisema. "Sasa karatasi yako. Batu ngapi?"

"Ishirini na batatu."

"Nilisema ngapi?"

"Ishirini na bane. Mumoja hakumaliza."

"Jina yake?"

"Saidi."

Alikwenda mlangoni, akaufungua. "Tata," alisema, "ingia."

Tata Saidi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, alipokuja kumtafuta Asistan. Aliingia na kofia mkononi, akatusalimu sote, akasimama kando ya ubao mahali ambapo zamani watu walichukua sahani zao.

"Batoto, sijakuya kugombana," alisema. "Hadji ananiambia karatasi ya masomo inasema sikumaliza. Siku tano niko nyumbani. Miye nilimaliza. Naomba tu munipime tena, batu bakiwa banaangalia."

"Ni kosa ya karatasi, tata," Asistan alimjibu. "Karatasi yetu. Utusamehe." Hakunitazama. Alivuta kreti kutoka pembeni, akaweka ubao juu yake, akampa Mwamba kijiko na chupa. Mimi alinipa saa.

Dakika tatu ni ndefu ukiwa unatazama miguu ya mtu uliyemfuta. Mwanzoni darasa lilikuwa likinong'ona. Dakika ya pili ilipoingia waliokaa nyuma walisimama kuona. Ndala za waya ziligonga ubao pamoja na kijiko, juu, chini. Alipokaa nikamshika mkono. Asistan alisema: anza.

"Ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Mara ine?"

"Makumi munane na munane."

Aliandika karatasi kwa Hadji, akaipiga muhuri, akaisoma kwa sauti kabla ya kuikunja. Tata Saidi alimpa kila mtu mkono, safu kwa safu, kama tunavyofanya msibani. Aliponifikia mimi alitumia mikono miwili. "Asante, mama," alisema. "Unahesabu muzuri." Kisha akaenda zake kwa miguu, kuelekea depo.

Mlango ulipofungwa, Asistan aliniita ubaoni. Aliniamuru nitafute wastani wa wabebaji bila Tata Saidi. Mia moja na ishirini na nne. Kisha pamoja naye. Mia moja na ishirini na moja. Niliandika kwa nguvu, ubao ukarudi nyuma, chaki ikaanguka jikoni.

"Tofauti?"

"Tatu."

"Bachezaji bako na ngapi?"

"Mia na kumi na mbili."

"Basi hata ungemuacha, jibu yako ingebaki ileile. Bachezaji banashinda. Ulimutoa mutu kwenye kazi yake juu ya mapigo tatu." Alipangusa mikono kwenye koti. "Mwamba alizaa batu ishirini na bane. Ngoie aliua mumoja. Bale ba Mwamba habasikie njaa, kwa sababu habako. Ule wa Ngoie eko na bibi na nyumba." Akafungua droo ya meza, akatutolea bahasha iliyokuwa tupu bado, akaionyesha darasa, akairudisha. "Mwaka huu inalala humu."

Nilimchukia. Kunilinganisha mimi na mla samaki! Nilitembea juani siku tatu, nilihesabu mikono ya jasho ya watu ishirini na wanne, na yeye akanipima kwa mzani mmoja na mtu ambaye hakuinuka kitini. Nilitoka Kolwezi kabla ya mwaka kuisha, juu ya lori la mtu mwingine, bila barua, nikiapa kwamba nitarudi na karatasi kubwa kuliko zote atakazoandika maishani. Nimerudi nayo. Iko ukutani, ndani ya kioo. Na bado, katika kazi yangu, sijamfuta mgonjwa hata mmoja. Wale waliopona kwa mikono yangu wako daftarini, na wale niliowaharibu nao wako, kwa jina. Vijana wanaokuja kwangu kujifunza huona daftari hilo wakacheka, wananionyesha simu zao zinazoweza kuchora michoro ya rangi kwa kidole kimoja. Nawauliza: nani, lini, kwa saa gani? Hunitazama kama tulivyomtazama yeye. Nawadharau kwa moyo mweupe, na ninawaambia.

Mwamba alipomaliza hotuba yake ile ya kumi na moja, watu wakaanza kugawiwa chakula, na mzee mmoja akaingia uani kutoka barabarani, peke yake, bila fimbo. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita. Kofia ilikuwa ya kufuma, viatu sasa vya ngozi. Aliwapa mkono wafiwa, kisha akatafuta kiti, na kilichokuwa wazi kilikuwa kando yangu. Alinitazama, akaitazama na saa yangu.

"Weye ni ule mutoto wa saa," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Ulihesabu muzuri." Alipokea sahani yake, akasema bismillahi. "Ile karatasi ya mwalimu ilinirudisha kazini. Nilibeba miaka kumi na moja tena, mpaka nikaacha miye mwenyewe."

Kumi na moja. Hiyo ilikuwa ya kweli. Nilingoja ameze.

"Tata, haikukuwa kosa ya karatasi. Ni mi nilikufuta. Ulimaliza, na mi nikaandika hukumaliza."

Hakuacha kula. "Najua."

"Asistan alikuambia?"

"Ule? Alikufunika mpaka leo anaingia kaburini. Hapana. Nilihesabu." Aliinua kidole kimoja chenye unga wa bukari. "Kwa depo alikuya mutu na saa. Mumoja. Miye maisha yote nilihesabu magunia ya batu, na hata moja haikupotea. Weye ulifikiri sijue kuhesabu moja?"

Niliweka sahani chini, mimi ambaye nina jibu kwa kila mtu katika mji huu.

"Sasa juu ya nini ulinipa mukono siku ile?" nilimuuliza. "Mikono mbili. Ukasema nahesabu muzuri."

"Kwa sababu ulihesabu muzuri. Mara ya kwanza ishirini na mbili, mara ya pili ishirini na mbili, na batu bote banakuangalia. Kuhesabu ulijua. Kuandika ndiyo ulikataa." Alinawa mkono wa kulia katika bakuli, akaupangusa, akaniwekea wa kushoto juu ya goti langu, kiganja juu. "Basi pima. Mwalimu hayuko wa kukulazimisha."

Nilivua saa yangu, nikaishika mbele ya macho. Safari hii hakuna aliyetoka kukimbia, moyo haukuwa na haraka, na sikuona sababu ya kuzidisha. Nilihesabu dakika nzima. Ng'ambo ya ua Mwamba alikuwa akipokea pongezi. Sitini na tatu. Nambari isiyogawanyika kwa nne, nami niliishika mwenyewe, kwa kidole. Niliigeuza karatasi ya hotuba yake upande usio na kitu, nikatoa kalamu, nikaandika: 24. Saidi. 63.

Mzee alikuwa akisoma kutoka kando. "Haijakwisha," alisema.

Nikaongeza siku, na saa. Kisha, mbele ya jina lake: alimaliza.